Msumari na Kizibo cha Soda

Kamati yetu ilikubaliana rangi ya fulana kabla ya kukubaliana urefu wa njia. Sisemi kwa kujitoa, maana nami nilikuwamo kwenye kikao kile na nilipigia kura kijani. Klabu yetu ya jogging hapa Tanga hukimbia kila Jumamosi alfajiri kwa nyimbo na filimbi. Mara hii tukaazimia kuandaa mbio za kilomita 10, kila mtu atoe kiingilio kidogo, na kitakachobaki kinunue madawati ya shule ya mtaani. Barua za kibali zikaenda polisi, kwa afisa michezo wa jiji na kwa chama cha riadha cha mkoa. Mtu wa maji akapatikana, mtu wa spika akapatikana. Urefu wa njia akaachiwa kijana wa bodaboda: aende Raskazone na kurudi, atazame mita yake.

Bodaboda ikasema 10 kamili. Gari la katibu likasema 9.6. Simu yangu, niliyotembea nayo mfukoni njia nzima, ikasema 10.3. Tukacheka. Mmoja akashauri tuchukue ya katikati, yaishe. Ndipo mzee mmoja aliyekaa nyuma karibu na mlango, ambaye kwa vikao vitatu hakuwa amefungua kinywa, akanyoosha mkono.

"Polisi watafunga barabara nzima, au upande mmoja?"

Hatukuona swali lile linahusiana vipi na kilomita. Akatueleza pale pale alipokaa, bila kusimama. Barabara ni kitu kimoja, njia ya mbio ni kitu kingine. Barabara ina upana. Njia ya mbio ni mstari mmoja tu, mfupi kuliko yote ambayo mkimbiaji anaruhusiwa kupita. Akiachiwa lami nzima atakata kona, atatoka ukingo huu aende ukingo ule kama aliyetupwa na manati. Akibanwa upande wa kushoto, mstari ni mwingine na urefu ni mwingine. Kwa hiyo hakuna wa kupima chochote mpaka ijulikane nani anafunga nini.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kumsikiliza. Miaka kadhaa nyuma, katika mji ambao sitautaja, nilikimbia nusu marathoni nikavunja muda wangu wote wa maisha. Nilirudi nyumbani na medali shingoni, nikalala nayo. Baadaye tukaambiwa njia ilipungua kama mita 600. Medali ninayo bado, ila muda ule siutaji mbele za watu. Wala si aibu ya miji yetu peke yake. Mwaka 2016 ilitangazwa huko Uingereza kwamba marathoni ya Manchester ilikuwa pungufu kwa mita 380 kwa miaka mitatu mfululizo, na maelfu ya watu wakagundua hawajawahi kukimbia marathoni. New York mwaka 1981 Alberto Salazar alimaliza kwa saa 2:08:13, ikasemwa ni rekodi ya dunia. Njia ilipokuja kupimwa upya ikakutwa na upungufu wa mita zipatazo 148. Mzee hupenda kukumbusha kwamba Juma Ikangaa wetu aliposhinda mji huo huo mwaka 1989 kwa 2:08:01, upungufu ule ulikuwa umekwisha kurekebishwa. "Ule ulikuwa muda," husema, na hufunga mdomo.

Nilimfuata kwake Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zenye namba. Nilimkuta ameipindua baiskeli miguu juu, anafuta rimu kwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimejaza upepo leo. Mpaka tumalize kazi siugusi tena."

Kwa miaka mingi alikuwa msaidizi wa wapima ardhi: mshika mnyororo, mshika tepu, mpigilia vigingi. Baiskeli yake ni ya kawaida, ya kazi, kama zilivyo maelfu ya baiskeli za mji huu, ambako mtu hupanda baiskeli kwenda sokoni, msikitini na harusini. Kigeni ni kidude kimoja tu kwenye ekseli ya mbele, upande wa kushoto, kati ya habu na foki. Kina gia ndogo, dirisha lenye tarakimu, na kidole cha chuma kinachoingia kwenye spoku. Gurudumu likizunguka linakisukuma kidole, tarakimu zinapanda. Mzunguko mmoja hutoa alama 23 na zaidi ya nusu. Mzee anakiita "karani".

Ufundi huu una wazee wake. Mwingereza John Jewell aliuandikia mwaka 1961, baada ya kujaribu njia za kila aina na kuona baiskeli iliyosawazishwa inazishinda. Mwaka 1964 Ted Corbitt, Mmarekani Mweusi aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, akachapisha kijitabu juu ya upimaji wa njia za mbio. Mwaka 1971 Alan Jones, naye Mmarekani, akaunda karani. Mpaka leo, kwenye enzi ya setilaiti, njia ya mbio ikitaka kutambuliwa duniani hupimwa hivi hivi, na mtu juu ya baiskeli.

Lakini baiskeli haijui mita ni nini. Inajua mizunguko tu. Lazima kwanza ifundishwe, na hapo ndipo mzee alipotumia muda kuliko penginepo pote.

Jioni moja alituchukua, mimi na mjukuu wake, hadi kwenye kipande cha barabara kilichonyooka huko Raskazone, magari machache, lami nzuri. Alikuwa na tepu ya chuma ya mita 50, gundi ya karatasi, penseli, kipimajoto, na mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Mizani nikadhani tutapitia soko la samaki. Kumbe aliifunga kwenye mwisho wa tepu. Tepu ikilegea inadanganya na ikivutwa mno inadanganya, yeye huivuta mpaka mshale ufike kilo 5, hapo tu, ndipo anapoita "piga!" na mjukuu anachora mstari wa penseli juu ya kipande cha gundi kilichobandikwa barabarani. Mstari wenyewe mwembamba kama unywele. Tukasogea. Mara sita, mita 300. Halafu tukaanza upya kutokea mwisho kurudi mwanzo, kwa sababu mtu akihesabu tepu tano akadhani sita, hesabu zote zinazofuata zitakuwa safi na zitakuwa uongo.

Kipimajoto alikilaza juu ya lami, kando ya tepu, kikafunikwa na kivuli cha kofia yake. Kilisoma 32. Tepu ya chuma hutengenezwa iwe sahihi kwenye nyuzi 20. Ikipata joto inarefuka, na ikirefuka, mita 300 zake ni zaidi ya mita 300. Alipiga hesabu kwa penseli nyuma ya bahasha, akarudisha alama ya mwisho kwa sentimita 4. Mimi niliyetaka kutumia bodaboda nilisimama pale nikitazama mzee wa miaka sabini na ushee amepiga magoti barabarani kwa ajili ya sentimita 4.

Kisha akatoa mfukoni misumari ya zege miwili na vizibo viwili vya soda. Kila msumari aliupitisha katikati ya kizibo na kuupigilia mpaka kichwa kikalala sawa na lami. Msumari peke yake huupati tena, alisema. Kizibo kinang'aa, tena hakuna mtu anayeinama kuokota kizibo.

Siku ya kupima tuliamka saa kumi. Anaipanda baiskeli mara nne juu ya zile mita 300 kabla ya kwenda popote. Anavyoanza ni jambo la kutazama. Haondoki kwa kasi. Analeta gurudumu la mbele taratibu mpaka ekseli iwe juu ya msumari, anafunga breki, anainama na tochi, anasoma karani kwa sauti, mjukuu anaandika, anarudia kumsomea. Ndipo anapanda. Anakwenda bila kuyumba hata kidogo, mwendo mmoja, macho yametangulia mbali, mabega yametulia kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Afikapo msumari wa pili anakaribia kwa unyenyekevu, sentimita kwa sentimita, anafunga breki, anainama, anasoma. Akipita msumari harudi nyuma; safari hiyo haihesabiwi, anaianza upya. Alama zilitoka hivi: 3,223, 3,223.5, 3,222.5, 3,223. Aliziangalia kwa muda, akatikisa kichwa cha kuridhika, kama mpishi aliyeonja.

Hesabu yenyewe ilikuwa hii. Alama 3,223 kwa mita 300 ni alama 10,743 kwa kilomita. Kwa kila kilomita anaongeza mita moja, hivyo ndivyo kanuni ya upimaji inavyotaka: hakuna kipimo kisicho na kosa, na kosa likitokea afadhali njia izidi kuliko ipungue. Ikawa 10,754. Kwa kilomita 10, alama 107,541. Kila alama ni takriban sentimita 9, upana wa kiganja.

Tulianza karibu na uwanja wa Mkwakwani, askari wa usalama barabarani nyuma yetu na pikipiki, taa zikiwaka. Mimi nilifuata kwa baiskeli ya kuazima na jukumu la kushika chaki. Ukimtazama mzee akipima kwa mara ya kwanza utadhani amelewa. Anaanza ukingo wa kushoto, anavuka barabara taratibu kwenda ukingo wa kulia, anagusa kona, anavuka tena. Ila ukitazama vizuri, mistari yote imenyooka. Kabla ya kila kipande anachagua shabaha, mguu wa nguzo ya umeme au doa jeupe kwenye ukuta, na anakwenda nayo bila kuiacha. Kwenye kona anapita sentimita 30 kutoka ukingo, na macho yake hapo hayaendi mbele, yanashuka kwenye ile nafasi kati ya tairi na jiwe la ukingo.

Mjini tulikuta lori la nazi limeegeshwa juu ya mstari wake, dereva amelala ndani. Nikadhani atalizunguka. Alisimama nyuma yake, akafunga breki ya mbele ili gurudumu lisizunguke hata chembe, akainyanyua baiskeli pembeni moja kwa moja kwa upana wa lori, akaiweka chini. Akaenda sambamba na lori mpaka akalipita. Akafunga breki, akainyanyua, akairudisha kwenye mstari wake. Karani hakuongeza hata alama moja ya upande. Dereva aliamka, akatazama, akalala tena.

Baada ya hapo tukashika barabara ya hospitali. Bahari ikawa kushoto kwetu, kisiwa cha Toten kimekaa ndani ya ghuba, jua linachomoza usoni. Kila kilomita alisimama, nami nikachora, naye akapima kutoka alama ile mpaka vitu vitatu visivyohama, nguzo, mfuniko wa chemba, pembe ya ukuta. Hivyo anaviita mashahidi. Shahidi mmoja anaweza kung'olewa na wawili wakabishana. Watatu, anasema, angalau kesi itasikilizwa. Raskazone, mahali pa kugeuzia, nilimkumbusha kwamba hapa ndipo jeshi la Uingereza kutoka India liliposhuka Novemba 1914, likafukuzwa hadi majini, na nyuki wakapewa sehemu ya sifa. "Nao walikwenda bila kupima njia," akajibu, akiweka jiwe mahali koni itakaposimama.

Alama 107,541 zilitimia mita chache kabla ya mti wa mwarobaini ambao sote tulikuwa tumeutamani uwe mwisho, kwa ajili ya kivuli. Nilichora mstari mnene wa chaki. Nilikuwa nimechoka, nimefurahi, nikamwambia mzee tukanywe chai.

"Bado."

Tukarudi Raskazone hadi kwenye misumari yetu miwili. Jua lilikuwa juu. Akapanda tena mara nne, kwa mwendo ule ule, unyenyekevu ule ule. Safari hii wastani ulikuja 3,220.5. Tairi limepata joto, upepo ndani umetanuka, gurudumu limekuwa kubwa kidogo, kwa hiyo linazunguka mara chache zaidi kwa umbali ule ule. Mtu mwingine angeona alama mbili na nusu kuwa si kitu. Yeye alikaa chini ya mti na bahasha yake, akatafuta wastani wa asubuhi na sasa, akanitazama.

"Mstari wako wa chaki umezidi mita 3.9."

Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba kuzidi si kupungua. Nani atajua? Wenyewe tumewaongezea mita 10 za tahadhari.

"Zile 10 ni za kanuni. Hizi si zetu."

Tukaenda tukazirudisha. Wiki iliyofuata akaipima njia nzima mara ya pili, peke yake na mjukuu, na vipimo viwili vikatofautiana kwa mita mbili na kitu. Ndipo akaridhika, ndipo misumari na vizibo vikapigiliwa mwanzo, mwisho na kila kilomita.

Mambo mengine ya maandalizi nayapita haraka, si kwa kuyadharau. Fulana zilichelewa, zikafika, namba 38 ikachapwa mara mbili. Akina mama wa klabu walimenya machungwa ya Muheza tangu saa tisa usiku. Vijana wa skauti walipangwa kwenye makutano. Mwishoni tulifunga kamba mbili zikawa kama mdomo wa faneli, ili watu waingie kwa mapana na watoke mmoja mmoja. Mama mmoja mwalimu akashika saa na kutamka muda, binti yake akaandika namba kifuani mwa kila anayepita, mstari kwa mstari, bila kuinua kichwa kwa dakika arobaini. Huyo naye anastahili makala yake.

Mzee hakukaa jukwaani. Nilimwona mara moja tu, kwenye kona ya Bombo, amesimama na koni zake nne. Alikuwa amezipanga ili mtu asikanyage kijia cha waenda kwa miguu na kukata kona. Mita mbili zikiibwa pale na kila mmoja, basi kazi yote ya alfajiri imekwenda na maji. Bodaboda ikapita ikaigonga koni moja. Alikwenda akaitazama chini, akaitafuta alama yake, akairudisha pale pale.

Baada ya mbio kijana mmoja alimjia na saa ya kisasa mkononi, jasho linamtiririka. "Mzee, shikamoo. Njia yako ndefu. Saa yangu inasema 10.14."

"Marahaba. Hapa kwenye kona ulipitia wapi?"

"Upande wa nje, kwenye miembe. Jua lilikuwa kali."

"Kivuli nacho kina mita zake, mwanangu," mzee akasema, akamwonyesha kwa kidole mstari ambao haukuwapo. Kijana akautazama kwa muda mrefu, kana kwamba umechorwa.

Mwaka 2025, Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, wawili wa kwanza walipewa muda mmoja, 2:09:48, ikabidi picha iamue. Mzee alikuwa akisikiliza redio. Alichoniuliza nilipomtembelea jioni hiyo hakikuwa juu ya Simbu. Alitaka kujua kama nimepita karibuni pale mwisho wa njia yetu, kwa sababu amesikia mafundi wa bomba wanachimba.

Walikuwa wamechimba kweli. Mtaro ulipita palepale, ukafukiwa, ukawekwa kiraka cha lami mpya, na msumari wetu ulikuwa umekwenda na kifusi. Mzee hakusema neno. Alifungua daftari, akampa mjukuu ncha ya tepu. Kutoka nguzo ya umeme akachora upinde wa chaki. Kutoka mfuniko wa chemba akachora wa pili, ukakatana na wa kwanza. Kutoka pembe ya ukuta akachora wa tatu, polepole, na ukapita juu ya makutano yale yale, ukakosea kwa unene wa chaki tu. Akaweka ncha ya msumari pale, akashika nyundo, akapapasa mfuko wa shati, kisha wa suruali.

"Una kizibo?"

Nikaenda dukani kununua soda.